Usisaini Kwanza, Mdogo Wangu

  

Ujumbe wa leo umetoka kwa binti wa hapahapa Kisesa. Nimemwomba ruhusa niufupishe na majina niyafiche. Kaka yake alipanda Hiace jioni akitoka kibaruani Nyakato. Walipokaribia Kisesa dereva akakanyaga breki, breki hakuna. Gari likaingia mtaroni na kulala ubavu. Kaka akavunjika mguu mahali pawili, akapelekwa hospitali ya Bugando, akawekewa vyuma. Wiki ya tatu mwenye gari akaja nyumbani na wazee wawili, sukari, mchele, shilingi laki tatu taslimu na karatasi ya mkono. Karatasi inasema familia imepokea "malipo kamili na ya mwisho" na haitakuwa na dai lolote tena. Binti anamalizia hivi: "Dada, yule baba ni mtu wa watu, amekuja kwa heshima. Wazee wanasema ajali haina kinga. Tusaini?"

Msisaini, mdogo wangu. Mchele pikeni, sukari wekeni kwenye chai, na mumshukuru kwa kuja, maana wengi hata simu hawapokei. Karatasi mwambieni mtaisoma kwa nafasi.

Najua linavyokuwa gumu. Mtu kavua kofia mlangoni, kakaa kwenye kigoda, kampa mama pole, na wazee wanaoheshimika wamemsindikiza. Kwetu Usukumani kumkatalia mtu aliyekuja hivyo ni kama kumfukuza. Lakini pole ni mila, na fidia ni sheria. Aliyekuletea pole hajakulipa fidia, hata kama amekuletea ng'ombe. Tena huenda pesa ya fidia isitoke hata mfukoni mwake. Hilo ndilo wengi wetu hatulijui, na kwa kutolijua tunaishia kumwonea huruma mtu ambaye tayari amekatiwa bima ya kazi hiyohiyo.

Iko Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Inasema chombo cha moto hakiruhusiwi kutembea barabarani bila walau bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Watu wengi wanaamini bima hiyo ni ya kumridhisha trafiki. Mtu wa tatu ni wewe. Ni abiria wa Hiace, ni mtembea kwa miguu, ni yule mama anayepanga nyanya kandokando ya lami. Mwenye gari analipia, na anayelindwa ni mtu ambaye hata hajawahi kumwona. Kwa gari dogo la binafsi bima hiyo imekuwa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Magari ya abiria hulipa zaidi kwa sababu hubeba hatari zaidi. Kwa hiyo kabla hujamhurumia mwenye gari, muulize swali moja la adabu: "Baba, gari lina bima ya kampuni gani?" Akianza kuangalia juu ya dari, umeshapata jibu la kwa nini kaja na karatasi haraka hivyo.

Na wala humtegemei yeye akwambie. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki bima kwa mtandao: unaingiza namba ya gari, unaona kama bima ipo, ni ya kampuni gani na inaisha lini. TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo Mwanza mjini. Kama simu yako ni ya tochi, nenda kwa miguu ukaulize. Ile ni ofisi ya umma.

Sasa niingie kwenye jambo linaloniudhi: michomoko. Nanyi mnanijua, sipendi kumkatia mtu riziki. Gari dogo la binafsi, Probox au Noah, linajaza watu stendi, wawili kiti cha mbele, mtoto kwenye buti, linachomoka. Nafuu yake ni kwamba halisimami ovyo. Lakini angalia kibao cha namba. Kikiwa cha njano, gari limesajiliwa kuwa la binafsi. La biashara lina kibao cheupe. Gari la njano kwa kawaida limekatiwa bima ya matumizi binafsi, na siku likipinduka na abiria waliolipa nauli, kampuni ya bima inapata mlango wa kutokea: "Sisi tuliliwekea bima gari la familia, halikupaswa kubeba abiria wa kulipa." Mwenye gari anabaki na deni ambalo hana uwezo nalo, na wewe unabaki na mguu wako. Lifti nayo ni vivyo hivyo. Sheria inalazimisha bima ya abiria kwa gari linalobeba watu kwa malipo. Uliyepanda bure kwenye gari la rafiki, au juu ya magunia kwenye lori, sheria hailazimishi uwekewe kinga hiyo. Sisemi usipande kabisa. Kuna usiku ambao hakuna kingine. Nasema uwe unajua umepanda nini.

Turudi kwa kaka yetu. Jambo la pili ninalotaka binti alishughulikie, tena kabla hata ya bima, ni hiyo breki.

Nimeishi kando ya barabara hii ya Musoma muda wa kutosha kujua kwamba "gari lilifeli breki" ni maneno yanayofunga mazungumzo. Yakishatamkwa watu wanatikisa vichwa, wanasema ni mapenzi ya Mungu, wanachanga. Hebu muulizeni fundi yeyote mnayemwamini pale Igoma. Breki hazifi kama taa ya umeme. Pedi zikilika zinapiga kelele ya chuma kwa chuma, hata abiria wa kiti cha nyuma anasikia. Pedali inaanza kushuka chini kuliko jana. Mafuta ya breki yanapungua kwa sababu pana mahali yanavuja, au yamezeeka, yamevuta unyevu, na yakipata joto kali yanachemka ndani ya mpira. Hapo dereva anakanyaga hewa. Na yupo yule anayeachia gia mteremkoni ili abane mafuta, analishikilia gari kwa breki peke yake hadi zinaungua. Katika yote hayo kuna mtu aliyejua au aliyepaswa kujua. Dereva alijua, mwenye gari aliambiwa, fundi aliambiwa "funga hivyohivyo, pesa ikipatikana tutarudi." Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha gari bovu barabarani, na mwenye gari anayeliachia liende hana pa kujificha nyuma ya dereva wake. Mahakamani mwenye gari anayesema breki zilikatika ghafla anapaswa kuonyesha kwamba alilitunza gari: risiti za vipuri, tarehe za matengenezo, jina la gereji. Wengi hawana hata karatasi moja.

Lakini hayo yote yanahitaji ushahidi, na ushahidi wa breki uko ndani ya gari lenyewe. Baada ya ajali polisi humwita mkaguzi wa magari, naye huandika ripoti: breki zilikuwaje, matairi yalikuwaje, usukani ulikuwaje. Ripoti hiyo ndiyo itakayosema kama gari lilikuwa bovu kabla ya kuanguka au limeharibika kwa kuanguka. Gari likishatolewa kituoni na kupelekwa gereji bila kukaguliwa, ushahidi umeondoka nalo. Kwa hiyo, mdogo wangu, kesho usiende Bugando kwanza. Kaka yako yupo kwenye mikono ya waganga. Nenda kituo cha polisi kilichopokea ajali, uliza namba ya jalada, uliza jina la askari mpelelezi, na uliza kama mkaguzi wa magari ameshaliona gari. Andika majibu kwenye daftari pamoja na tarehe. Ongea kwa upole, lakini usitoke bila namba ya jalada.

Kuna fomu ambazo utazisikia zikitajwa kwa namba. PF3 ni ya majeruhi, inatoka polisi na kujazwa na daktari, ikieleza mtu ameumia wapi na kwa kiasi gani. (Mtu anayevuja damu mkimbizeni hospitali kwanza, mmoja wenu ndiye aende kituoni.) Kisha ziko ripoti za ajali zenyewe, kampuni za bima huzidai kwa namba zake, PF 90, PF 93, PF 115, pamoja na mchoro wa eneo la ajali. Ukiona zinakuchanganya, wewe sema: "Afande, naomba karatasi zote zinazotakiwa na bima." Anazijua.

Na kwa ninyi wengine ambao bado hamjapatwa, Mungu awaepushe: ukiwa mzima baada ya ajali na simu inawaka, lipige picha gari kabla halijasogezwa. Kibao cha namba, magurudumu, mburuzo wa matairi kwenye lami, au kutokuwepo kwa mburuzo. Chukua namba za simu za abiria wawili watatu, maana keshokutwa kila mtu atakuwa kwao. Tiketi usiitupe; kama hukupewa, hata ujumbe wa nauli uliyolipa kwa simu ni kitu. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Barabara yetu hii wala si ya kuifanyia mzaha. Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana pale Sabasaba, upande wa Mara, watu zaidi ya 30 wakafa. Januari 2022, Busega, gari la waandishi wa habari waliokuwa kwenye msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza kuelekea Ukerewe liligongana na Hiace. Waliokufa walizidi kumi, wakiwemo waandishi ambao sauti zao tulizizoea. Mabasi yana ukomo wa kilomita 80 kwa saa, na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wameyafungia kifaa cha kufuatilia mwendo. Tunapokaa watu ni 50. Hiace za Kisesa, ambazo zinashindana kuwahi abiria mmoja aliyeinua mkono, anazifuatilia nani? Abiria. Sema "dereva, punguza." Watakucheka, utaitwa mshamba, na utafika.

Nimeulizwa pia na kijana wa Bujora aliyenunua gari lake la kwanza, la mtumba kutoka Japani, anataka kujua kama "airbag" zake ni salama maana kasikia zinaua. Tuseme mifuko ya hewa. Umesikia sawasawa, mdogo wangu. Kampuni ya Kijapani iliyoitwa Takata ilitengeneza vilipuzi vya mifuko hiyo kwa kemikali ya amonia naitreti, na vilipokaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu vikaanza kuharibika. Ajali ndogo tu, mfuko unalipuka kwa nguvu kupita kiasi na vipande vya chuma vinamrukia dereva usoni na shingoni. Watu wamekufa Marekani, wamekufa Malaysia, na vilipuzi kama milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, BMW, wote walikuwa wateja wake. Na joto na unyevu, kwetu kandokando ya ziwa, tunavyo vya kutosha.

Kinachotusumbua sisi ni kwamba gari likiitwa kurudishwa kule Japani, tangazo linamfuata mmiliki wa kule. Gari likishapandishwa meli, barua inabaki Nagoya. Ukilinunua Dar es Salaam au kwa wakala Mwanza, kazi ya kuuliza inakuwa yako. Chukua namba ya chasi iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Magari ya soko la Japani yana namba fupi yenye kistari katikati, si ile ndefu ya herufi na tarakimu 17, kwa hiyo tovuti za Kimarekani za kuhakiki hazitaitambua. Tumia ukurasa wa kampuni yenyewe ya Japani, au mpelekee wakala rasmi wa aina hiyo ya gari hapa nchini akuangalizie. Na usimruhusu fundi wa mtaani afungue usukani "aone kama ipo." Kile ni kilipuzi. Kwa upande wa sheria, Tume ya Ushindani, FCC, chini ya sheria ya mwaka 2003, ndiyo yenye mamlaka juu ya usalama wa bidhaa, na gari ni bidhaa kama sufuria. Ukipata ubovu wa kiwandani, hao ndio wa kuwaandikia.

Ukiwa hapo kwenye gari lako jipya la zamani, tazama na matairi. Ubavuni pana tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2312 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na huku mpira umeshakauka tangu ukiwa shule ya msingi.

Haya, fedha sasa, maana najua ndilo mnalolisubiri.

Ajali moja huzaa kesi mbili, na watu wengi wanadhani ni moja. Ya kwanza ni ya jinai: Jamhuri dhidi ya dereva. Anakiri, anapigwa faini, anaondoka. Faini hiyo inaingia serikalini, wewe huoni hata mia. Ndipo utasikia "kesi imeisha." Imeisha yake. Ya kwako ni ya madai, na hiyo hakuna askari atakayekufungulia. Unaifungua mwenyewe dhidi ya dereva na mwenye gari. Habari njema ni kwamba dereva akishatiwa hatiani, hukumu ile inakuwa ushahidi wako. Kwa hiyo fuatilia kesi ya trafiki hadi mwisho, uombe nakala ya hukumu, maana bima nao wataidai. Ukishinda kesi ya madai, kampuni ya bima ndiyo hulipa, mradi ilipewa taarifa ya kesi mapema. Mara nyingi hata hamfiki huko: ukiwa na karatasi zako kamili, bima inakaa nawe mezani.

Muda wako ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ndivyo inavyosema kwa madai ya aina hii. Ikipita siku moja, mahakama haikuulizi ulilazwa wapi. Likiwa gari la serikali au la halmashauri, kuna kitu cha ziada: lazima utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Na kama aliyeumia alikuwa kazini, tuseme kondakta au dereva aliyetumwa na tajiri yake, aende pia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Fidia yenyewe ina sehemu mbili. Iko ile mahsusi: dawa, vyuma vya mguuni, nauli za kwenda kliniki, siku za kibarua zilizopotea. Hiyo inathibitishwa shilingi kwa shilingi. Mahakama ya Rufani imerudia hili kwa miaka mingi, na majaji hawalegezi: hakuna risiti, hakuna pesa. Sasa niambie, mama anayekwenda Bugando kila siku na chupa ya uji, bodaboda hadi Kisesa, Hiace hadi mjini, anazo risiti? Hana. Basi tangu leo tafuta daftari. Tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, kiasi, namba ya simu ya bodaboda aliyekubeba, naye asaini. Risiti za duka la dawa zibandike kwenye daftari kabla wino haujafutika, na zipige picha, kwa sababu zile za mashine baada ya miezi michache zinakuwa karatasi nyeupe. Kwa kibarua, bosi aandike barua ya mshahara wake na siku alizokosa. Sehemu ya pili ni fidia ya jumla: maumivu, kilema, maisha yaliyobadilika. Hiyo hakimu huikadiria mwenyewe, na anachokiangalia ni taarifa ya daktari. Ndiyo maana nasema msisaini kitu chochote wakati mguu bado una vyuma. Hamjui kama atatembea sawasawa. Hamjui kama vyuma vitatolewa kwa upasuaji mwingine. Utaithamini vipi hasara ambayo bado inaendelea?

Hapa niwaambie na upande wetu. Kama ulikuwa kwenye bodaboda mshikaki, watu watatu bila kofia ngumu, ukaumia kichwa, hakimu anaweza kusema sehemu ya madhara umeyachangia mwenyewe, na akapunguza. Sikukuu ya ngoma ya Bulabo ikifika mwezi wa sita, barabara ya kupanda Bujora kutoka Kisesa inajaa watu kama maji. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, wageni wa makumbusho, watoto wa shule, na bodaboda zinapita katikati na watu watatu watatu mgongoni. Nayapenda yale mambo kuliko mnavyodhani. Lakini siku ile shuka na utembee. Kutoka lami hadi juu si safari.

Mtu akifa, mambo huwa mazito zaidi na familia huvurugika haraka zaidi. Mwenye basi akileta jeneza na gari la kusafirisha mwili, ni jambo jema, na ni rambirambi. Wategemezi, yaani mke au mume, watoto na wazazi, wana dai lao kisheria. Kwa kawaida ukoo unakaa, muhtasari wa kikao unaandikwa, msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama. Mjane, sikiliza: kikao hicho usikae jikoni. Hakikisha jina lako na majina ya watoto wako wote yameandikwa kwenye muhtasari, na uwe na nakala. Msimamizi si mrithi. Pesa ya bima ikiingia kwake, anapaswa kuitolea hesabu mahakamani. Nimeona mashemeji wakinunua pikipiki kwa pesa ya watoto yatima, na kila mtu kijijini anajua imetoka wapi.

Je, kuna ubaya kupatana? Hapana. Kesi ni ndefu, na wazee wetu wana hekima ya kuyamaliza mambo. Ninachokataa ni kupatana gizani. Mkikubali pesa ya mwenye gari leo kwa sababu dawa zinahitajika leo, sawa, pokeeni, ila muandike karatasi yenu: "Tumepokea shilingi 300,000 kuwa msaada wa matibabu. Madai mengine yanabaki palepale." Mwenye gari asaini, mtendaji wa kijiji ashuhudie, kila upande ubaki na nakala. Mtu wa watu hataogopa kusaini hiyo.

Wakili mnamwogopa kwa ajili ya gharama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili yenu, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilianza kuzunguka mikoani mwaka 2023. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, Magu, wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Mkigombana na kampuni ya bima juu ya kiasi au ikiwazungusha, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, huhitaji wakili kufika. Wa kuwaogopa ni vishoka. Anakaa nje ya wodi, anajua majina ya majeruhi kabla ndugu hawajafika, ana fomu mkononi na anataka sahihi yako tu, "mengine niachie." Mwombe namba yake ya uwakili na uihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kishoka ataaga.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kisesa, kesho kituoni ukapate namba ya jalada na habari za mkaguzi. Keshokutwa TIRA, ukahakiki bima. Karatasi ya yule baba ikae nyumbani bila sahihi, mama amwambie watoto wanaisoma. Daftari anza nalo leo usiku, na tarehe ya ajali iandike ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, maana miaka mitatu imeshaanza kuhesabiwa. Ukikwama popote, niandikie.